Kisa cha mkonga uliorudi kutoka Natron ukitikisika

Lilipoingia gerejini, gari lile lilikuwa limependeza kweli. Land Cruiser 78, hadtopu ndefu ya mwaka 2008, injini ya dizeli 1HZ, gari tunaloliita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Juu lilibeba keria ya chuma na hema la kukunja, mbele lina bampa zito na taa nne, chini limevaa tairi pana zilizochungulia nje ya madigadi. Zamani lilikuwa la mradi fulani, likauzwa kwa mnada, na mwenyewe wa sasa amelijenga taratibu kwa miaka miwili. Ni dada anayefanya kazi hapa Arusha. Kila akipata siku nne za mapumziko huenda porini na mumewe na watoto wao wawili.

Hakuanza na bei. Aliniambia, "Fundi, mimi nataka kujua kitu kimoja. Nikiwapakia wanangu humu, tutarudi?"

Walikuwa wametoka Ziwa Natron. Ukiondoka Mto wa Mbu unapita Selela na Engaruka, kisha unapita chini ya mlima Ol Doinyo Lengai hadi Engare Sero. Kwa kilomita si njia ya kutisha, ila ina kila kitu cha kuumiza gari: mawe meusi ya volkano, makorongo yanayojaa ghafla mvua ikinyesha milimani, mchanga laini karibu na ziwa, vumbi lenye majivu na magadi. Na rasta. Yale mawimbi madogo ya barabara ya udongo hayavunji kitu siku hiyo hiyo, lakini yanagonga springi na beringi saa nzima bila kupumzika, na kila kilicholegea hulegea zaidi.

Kwenye rasta hakuna aliyeshtuka, kwani kila kitu kilikuwa kinatetemeka. Shida ilijitokeza kwenye lami, baada ya Makuyuni, wakiwa kwenye kilomita 78 hivi kwa saa. Tairi ya mbele ilikanyaga kiraka cha lami na usukani ukaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu. "Kama kuna mtu mwingine ameushika upande wa pili ananishindania," alisema. Haukutulia mpaka alipopunguza mwendo hadi karibu kilomita 30. Kabla ya kufika Kisongo ulirudia mara mbili. Watoto walikuwa wakilia.

Nilimuuliza kama ni mara ya kwanza. Hapana. Katika miezi miwili iliyopita alibadilishiwa shokapu ya usukani mara mbili, kwingine. Ya kwanza ilimpa wiki tatu za amani, ya pili siku tisa.

Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa na maana kwa mtu yeyote mwenye gari la namna hii. Shokapu ya usukani kazi yake ni kumeza mitikisiko midogo. Ukiifunga mpya kwenye gari lenye ugonjwa, homa inashuka kama umempa mgonjwa panadoli, lakini malaria iko palepale. Na ikiwa mpya inakufa ndani ya siku tisa, ujue ugonjwa umezidi.

Mimi mwenyewe nilipoteza nusu siku. Nilianza na balansi ya tairi kwa sababu ndiyo kazi nyepesi. Ndani ya rimu mbili nilikuta tope la magadi limekauka na kushika kama saruji, upande mmoja tu wa duara. Tukalikwangua, tukapiga balansi, nikaenda kulijaribu. Mtikiso uliokuwa unakuja kwenye 78 sasa ulikuja kwenye 84. Nilirudi nikijua kwamba nimegusa kitu cha kweli ila si chenyewe.

Mzani kabla ya spana

Kesho yake nililipeleka gari kwenye mzani wa ghala moja la nafaka pembeni mwa mji, likiwa limepakiwa kama linavyosafiri: matangi mawili ya dizeli yamejaa, maji, chakula, zana, hema. Tulipima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Mbele kilo 1,310, nyuma kilo 1,870. Jumla kilo 3,180 bila mtu ndani.

Kisha tukashusha vya juu na kuvipima kimoja kimoja. Keria kilo 88, hema 64, tairi ya akiba na rimu yake 44, madumu mawili ya maji 42. Kilo 238 juu ya paa. Dada alisimama pale akiangalia ile namba kimya. Alikuwa akivinunua kwa nyakati tofauti, na hakuna siku ambayo mtu alimwambia avijumlishe. Wauzaji wa vifaa hivi hutaja uwezo wa kubeba na uzuri wa kifaa, uzito wake hawautaji mpaka uwaulize. Mimi sasa nina msimamo ambao sitautoa: sifungi springi za kunyanyua kwenye gari ambalo halijapita mzanini. Springi huchaguliwa kwa uzito, na usipoujua unabahatisha.

Gari hili lilikuwa ushahidi. Springi za mbele zilikuwa zimechaguliwa kwa gari lenye bampa la chuma pamoja na winchi. Winchi haikununuliwa kamwe. Kwa hiyo pua ilipaa. Kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa tao la bodi juu ya tairi, mbele palikuwa pamenyanyuka milimita 73 kuliko gari la kiwanda nililolipima kama kielelezo, wakati mwenyewe aliambiwa amefungiwa inchi mbili, yaani milimita 50. Nyuma, chini ya mzigo wote ule, palibaki na 38 tu.

Kwa nini milimita hizo zina uzito? Angalia uma wa baiskeli. Haukusimama wima, umelala kidogo kumwelekea mpanda baiskeli, na ndiyo maana unaweza kuachia mikono na gurudumu likajinyoosha lenyewe. Gari nalo lina mlalo huo kwenye mhimili ambao gurudumu hugeukia. Sisi tunauita kasta. Mbele ya Land Cruiser hii kuna ekseli nzima inayoshikiliwa na mikono miwili mirefu inayorudi nyuma kwenye chasisi. Ukilinyanyua gari, mikono ile inainama na kuizungusha ekseli, na mlalo unapungua. Mashine ya alaimenti ilisoma digrii 0.6 kulia na 0.4 kushoto. Uma ulikuwa karibu wima. Gurudumu la namna hiyo likigongwa upande halina sababu ya kurudi katikati, linavuka linakwenda upande wa pili.

Nako ya kushoto

Wenzangu wawili walishasema hapo tumefika, tufunge bushi za kurekebisha kasta, mteja aende. Sikukubali, kwa sababu moja: gari lilikaa na springi zile zaidi ya mwaka bila kutikisika. Kasta haikubadilika miezi miwili iliyopita. Kitu kingine kilibadilika.

Tulilinyanyua mbele, tukaondoa magurudumu, tukatoa tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, ili kila nako, yaani kile kichwa kinachogeuka na gurudumu, iwe huru. Nikachukua mzani wa ndoano, ule ule wa kupimia nyama buchani, nikaufunga kwenye mkono wa nako na kuvuta polepole. Kulia ulisoma kilo tatu na nusu kabla nako haijasogea. Kushoto haukufika hata kilo moja. Nako ilizunguka kwa kidole, ila ikifika katikati kabisa ilijikita, kama mlango wenye komeo laini, ukiendelea kuisukuma inatoka.

Kabla hatujafungua, msaidizi wangu, kijana wa gereji, alinionyesha nati za beringi za habu. Zilikuwa na makovu ya tindo pande zote. Nati zile zinataka soketi ya milimita 54. Asiye nayo huzigonga kwa tindo na nyundo, na hapo hakuna anayejua amekaza kiasi gani. Nilimwambia azipige picha, kisha tukaendelea.

Ndani ya nako kuna tufe, na ndani ya tufe kuna kiungo cha shafti kinachotakiwa kukaa kwenye girisi nzito nyeusi. Tulipoifungua ya kushoto, ilimwagika. Uji wa kijivu, mwepesi, una harufu kali ya oili ya difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli. Sehemu ulijitenga na kuacha matone ya maji. Beringi za kingipini, yaani mhimili ambao nako hugeukia, ya juu na ya chini, zilikuwa zimekauka na kutu. Nilifuta kikombe cha beringi ya chini kwa kitambaa na kukiinua kwenye mwanga: mistari iliyochimbika, moja kando ya nyingine, kama meno ya kitana. Kila roli ilijichimbia kaburi lake pale ilipokuwa ikipigwa barabarani magurudumu yakiwa yamenyooka. Ndiyo maana nako ilijikita katikati. Na ndiyo maana ilikuwa na uwazi wa kucheza.

Nilimwita dada, nikampa kile kikombe apitishe ukucha. Ulikwama kwenye kila mstari.

Sasa oili ya difu ilifikaje humo? Sili ya ndani ilikuwa imekwisha, ndiyo, lakini sili huwa na kisa chake. Difu inayofanya kazi hupata joto, hewa iliyomo inatanuka, na inatakiwa itoke kwa kijitundu chenye kifuniko kidogo juu ya ekseli, briza. Nilikigusa kile kifuniko kwa bisibisi. Hakikucheza. Kilikuwa kimegandishwa na lile tope la magadi kama lile la kwenye rimu. Hewa ikikosa pa kutokea inasukuma oili kupitia sili, na oili inayeyusha girisi. Kisha unaingia kijito cha Engare Sero na difu ya moto. Inapoa ghafla, hewa iliyomo inanywea, na inavuta maji kupitia sili ile ile. Tulipofungua nati ya kumwagia, oili ya difu ilitoka rangi ya chai ya maziwa.

Hivi ndivyo ninavyousoma ugonjwa wote. Briza iliziba, girisi ikaharibika, beringi za kingipini zikakauka na kuchimbika, nako ya kushoto ikapata uwazi. Kasta iliyokuwa mbovu muda wote ikakosa kitu cha kuizuia. Tairi pana kwenye rimu zilizotoka nje zilikuwa zinaipiga nako kwa mkono mrefu zaidi kuliko ulivyokusudiwa na kiwanda, zikaharakisha mambo. Mtikiso ulihitaji vyote hivyo kwa pamoja. Ukiniuliza kipi kilianza, nitakuonyesha kile kifuniko cha briza, ambacho ukikiweka kiganjani unakifunika kwa kidole gumba.

Kilichofanyika

Tulitengeneza nako zote mbili, sili mpya, beringi mpya juu na chini, na shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, zikapangwa mpaka mzani wa ndoano ukasoma karibu sawa kulia na kushoto. Beringi za habu zikakazwa kwa soketi ya 54, gurudumu likizungushwa, zikalegezwa na kukazwa tena, kisha vifungio vikakunjwa. Kazi ya siku mbili na matambara mengi.

Kabla ya kugusa kasta nililitoa barabarani. Nilitaka kujua kila badiliko limeleta nini. Saa kumi na mbili asubuhi, barabara tupu iliyonyooka, na shokapu ya usukani nimeitoa kabisa. Hili silimshauri mtu asiye fundi kulijaribu. Nilipandisha mwendo kidogo kidogo hadi 90, nikatafuta viraka na kuvikanyaga. Usukani ulishtuka, ukatulia. Hakuna mtikiso. Lakini kwenye kona haukurudi wenyewe, ilibidi niurudishe kwa mkono, na upepo wa lori ulipopita gari lilitangatanga. Kwa hiyo nako iliondoa hatari, kasta ilikuwa bado inadai.

Tukabadilisha springi za mbele kwa zinazolingana na uzito tuliousoma mzanini, pua ikashuka hadi milimita 42. Zikafuata bushi za kasta kwenye ile mikono miwili. Mashine ikasoma digrii 2.7 pande zote. Ile fimbo ndefu inayoizuia ekseli isihame upande nayo tukairekebisha, maana kunyanyua gari kulikuwa kumeisukuma ekseli pembeni kwa zaidi ya sentimita moja.

Briza za mbele na nyuma tuliziunganisha na mpira wa mafuta na kuupandisha juu, wa mbele karibu na betri, wa nyuma ndani ya bodi juu ya taa. Gharama yake haikufika bei ya chakula cha familia mjini.

Na kwa kuwa tulikuwa tumeshainua boneti, niliufungua mkonga wenyewe, lile bomba la hewa. Wengi wanadhani ukishafungwa gari linaweza kuogelea na halili vumbi. Nilichomoa bomba baada ya filta, nikapitisha kidole ndani. Kilitoka na unga laini, mwekundu. Kiungo cha mkonga na boksi la filta hakikuwa na kibano cha kukikaza, kilisukumwa tu, na filta yenyewe ilikaa upande. Injini hii inasifiwa kwa kuvumilia dizeli mbaya na safari ndefu, lakini haivumilii vumbi linaloingia kila siku, linasaga pete na kuta za silinda mpaka uone moshi na oili inapungua. Vibano viwili na filta mpya vilitosha. Wiki mbili baadaye nilimwomba apitishe kidole mwenyewe na anitumie picha.

Tulibishana kuhusu tairi. Alizipenda zile pana, na nilimwelewa, zinalipa gari sura. "Lakini fundi, mchanga wa kule bila tairi pana nitapita kweli?" Nilimjibu kwamba mchanga unavukwa kwa upepo mdogo. Tairi ya 7.50R16 ikipunguzwa upepo hurefuka pale inapokanyaga, inaacha alama ndefu, na hiyo ndiyo inayokubeba. Halafu ile ya 7.50 utaipata mji wowote wa njia hiyo, na fundi wa tairi wa kijijini ana vyuma vya kuifungua. Yake ya pana, ikichanika Engaruka, ataisubiri kutoka Arusha.

Alikubali kuazima seti moja na kuijaribu. Tukaandika namba kwa kalamu nyuma ya kioo cha jua: kwenye lami na mzigo psi 36 mbele na 45 nyuma, kwenye rasta 28 na 34, kwenye mchanga 22 na mwendo wa taratibu, bila kona za ghafla, kwa sababu hizi zina tyubu na tairi ikiteleza kwenye rimu inang'oa valvu. Na nilimsisitizia jambo la rimu za pete, zile zenye pete ya chuma inayoishikilia tairi. Wakati wa kujaza upepo pete ile ikiwa haijakaa inaruka kwa nguvu ya kuua. Tairi igeuzwe pete iangalie chini au ifungwe mnyororo, na watoto wawe mbali. Nilimwambia mara mbili, mumewe nikamwambia ya tatu.

Keria ya chuma aliiuza, akachukua ya alumini. Maji yakashuka ndani ya gari, mbele ya ekseli ya nyuma, na tairi ya akiba ikaenda mlangoni nyuma. Paani pakabaki chini ya kilo 120.

Baada ya masika walirudi Natron, njia ile ile. Siku ya pili baada ya kurejea alilileta kama tulivyokubaliana, halijaoshwa. Tuliosha kwanza chasisi kwa maji mengi, maana magadi yakibaki kwenye maungio yanakula chuma. Nikafungua nati ya difu ya mbele: oili ilitoka rangi ya asali. Mzani wa ndoano kushoto ulisoma kilo tatu na robo, kulia tatu na nusu. Nati za habu zilikuwa pale pale tulipoziacha. Shokapu ya nyuma kulia ilikuwa imeanza kuvuja, imelowa na kushika vumbi kuanzia katikati hadi chini. Rasta hizo. Tumeagiza mbili, za kulia na kushoto, na ameshaniuliza kama zitafika kabla shule hazijafungwa.